Mtandao mmoja: laini ya vocha inapovuka mpaka

Kampuni ya simu ikisema ina "mtandao mmoja" katika nchi kadhaa, inamaanisha kwamba ukivuka mpaka na laini yako unahesabiwa kama mwenyeji wa huko ulikofika. Unapiga kwa bei ya wenyeji, unapokea bila kukatwa, na salio likiisha unanunua vocha duka lolote lililo karibu.

Celtel, kampuni iliyoanzishwa na mfanyabiashara Mo Ibrahim mwaka 1998, ilizindua mpango huu Septemba 2006 kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kabla ya hapo, kutumia laini ya nyumbani ugenini ilikuwa zaidi starehe ya wenye mikataba ya kulipa mwisho wa mwezi. Mtu wa vocha, yaani karibu kila mteja wa ukanda huu, akifika Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, alichomoa laini ya Kenya, akaifunga kwenye kikaratasi, akachomeka ya Tanzania. Waliokuwa wakimtafuta kwa namba yake ya kawaida walimsubiri mpaka arudi.

Ughali ulitoka wapi? Ukiwa ugenini, kampuni ya kule huitoza kampuni yako, na kampuni yako huongeza faida juu yake. Kupokea nako kulikatwa pesa, kwa kuwa simu ilihesabiwa ya kimataifa, na nyingine zilizungushwa kwa setilaiti hadi Ulaya ndipo zirudi nchi jirani. Celtel ilimiliki pande zote mbili, kwa hiyo kutozana kwa kampuni dada kulikuwa ni kutoa pesa mfuko huu na kutia ule. Iliunganisha mitandao yake moja kwa moja mpakani, ikaifanya na mitambo ya malipo isomane: unakwangua vocha ya Tanzania, unaingiza namba kwenye laini ya Kenya, salio linapanda kwa shilingi za Kenya.

Naona werevu wake haukuwa katika unafuu, maana bei mtu yeyote anaweza kuishusha. Safaricom ilikuwa imeizidi Celtel mbali kwa wateja nchini Kenya, lakini ilikuwa ya Kenya tu. Celtel ilihamishia shindano mahali ambapo ukubwa huo haukusaidia sana, na wapinzani ikabidi watafute makubaliano wao kwa wao. Mapato ya kila dakika ya simu za ugenini yalipungua, ila laini iliyokuwa ikizimwa mpakani sasa ilibaki hewani siku nzima. (Na kwa kuwa kupokea kulikuwa bure, hata aliyebakiwa na senti alibipu nyumbani akapigiwa.)

Kufikia mwisho wa 2007 mpango ulikuwa umefika nchi 12 za Afrika. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilichukua wazo lilelile zikalifanya kanuni kwa kampuni zote: kupokea bure, na kikomo cha bei kwa dakika. Tanzania haikuwamo wakati huo.