Picha ya tashtiti: mbabe akichorwa na mapozi yake

Picha ya tashtiti ni sura ya mtu maarufu iliyochorwa ili kumcheka, na inanoga zaidi akiwa ni mtu wa kujimwambafai. Mchoraji hamzushii kitu. Anachukua pozi alilolichagua mwenyewe, na kofia yake, bunduki yake, farasi wake, kisha analisogeza kidogo tu mpaka watu waone jasho lililotumika kulitengeneza.

Tuseme mheshimiwa fulani kateremka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kupiga picha na wavuvi. Kakunja mikono ya shati, kavaa gambuti, kanyanyua sangara wa kilo 20 utadhani kamvua yeye usiku wa manane. Mchoraji hamnyang'anyi kitu: sangara yupo, tabasamu lipo. Anaongeza lebo ya bei ambayo haijabanduliwa kwenye gambuti, na nyuma anamweka msaidizi kachuchumaa, kaushikilia mkia wa samaki kwa mikono miwili. Basi. Wabeba mizigo wa pale, ambao tangu alfajiri wanapandisha magunia ya dagaa bila kamera yoyote, ndio watakaocheka wa kwanza.

Kumchora mtu kitambi na pua kubwa halafu ukaishia hapo ni tusi tu, na wengi wanaojiita wachoraji wa tashtiti huishia hapo. Kinacholengwa ni maigizo.

Jadi hii ina umri. Jarida la Vanity Fair la London lilianza 1868, na kuanzia 1869 likawa linatoa picha za rangi, mtu mmoja ukurasa mzima, za akina Carlo Pellegrini na Leslie Ward, waliotia saini kwa majina ya Ape na Spy. Huko Marekani, Theodore Roosevelt aliwarahisishia wachoraji kazi. Mwaka 1885 alipigwa picha na suti ya ngozi, bunduki na kisu, mwindaji kamili wa porini, ila porini kwenyewe ni studio mjini New York. Alipokuwa rais, meno, miwani na rungu vilitosha kumtambulisha. (Ndiye huyo aliyevuka ziwa letu hili la Victoria kwenda Uganda mwaka 1909, kwenye safari yake ya kuwinda.)

Kasheshe ni pale mhusika anapokuwa keshapitiliza mwenyewe. Vladimir Putin alipopigwa picha kifua wazi juu ya farasi kule Siberia, 2009, mchoraji wa kumwongezea misuli angekuwa anamsaidia. Hapo kifua unakiacha kama kilivyo, unamchora mpiga picha akimwomba arudie, na farasi keshachoka.