Kibali cha Athos sio kitanda jamani

Nimetumiwa meseji tena. Jamaa viza ya Schengen anayo, diamonitirio, yaani kibali cha kuingia Athos, ile rasi ya watawa wa Kiorthodoksi huko Ugiriki, imetoka, tiketi ya ndege keshakata, sasa ananiuliza eti alale monasteri gani, na anaingia keshokutwa, tena Agosti! Ndugu yangu, kibali ni ruhusa ya kukanyaga kule, basi. Monasteri ziko 20, kila moja ina vitanda vyake na mtawa wake wa arkhontariki (nyumba ya wageni), akisema kumejaa ujue kumejaa. Unaomba nafasi mwenyewe, kwa simu au imeili, mapema, na kwa kila nyumba utakayolala, maana kibali cha kawaida ni siku 4 yaani usiku 3, na nyumba nyingi hawakulazi zaidi ya usiku mmoja. Ofisi ya mahujaji ya Thessaloniki haihusiki na kitanda chako, usiigombeze. Kupiga hema pia marufuku.

Halafu zile nafasi 100 kwa siku za Waorthodoksi na 10 za wengine ni za kuingia, sio za kulala. Muorthodoksi wa Nairobi au Bukoba yuko kwenye ile 100. Mapadri wetu ndo wanasahaulika: sisi Waorthodoksi wa Afrika tuko chini ya Patriarki wa Aleksandria ila Athos iko chini ya yule wa Konstantinopoli, kwa hiyo padri anatafuta baraka ya huko kwanza.

Sasa saa. Hapa ndo napandwa na hasira kabisa, kwa sababu Wazungu wakichanganyikiwa nawaelewa, lakini Mswahili! Kule, kwenye monasteri nyingi, jua likizama ni saa kumi na mbili, saa nzima baadaye ni saa moja usiku, si ndo saa zetu hizi hizi? Sawa, tofauti ipo na ndiyo inayowaponza watu: sisi tuko karibu na ikweta, magharibi yetu haihami, ya kwao inahama. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu usiku kwa simu yako, Desemba linazama kama saa kumi na moja jioni, na zote mbili monasterini ni saa kumi na mbili. Wanarekebisha saa zao kulifuata jua. Na geti linafungwa jua likizama, kwa hiyo ukitembea kwa miguu toka Karyes, mji mdogo wa kule Athos, ukihesabu kwa simu, wa Desemba atakuta limefungwa na simu inamwambia bado mapema.

Tarehe nayo hivyo hivyo. Wanafuata kalenda ya zamani, iko nyuma siku 13. Unataka mkesha wa Kulala kwa Mama wa Mungu pale monasteri ya Iviron? Usije 15 Agosti, utakuta wamo kwenye mfungo. Kwao sikukuu inaangukia 28 yetu, na siku hizo ndo vitanda vinagombaniwa hasa.

Wanawake hawaingii, na boti iliyobeba wanawake inakaa mita 500 toka ufukweni. Mapokeo nayajua, kwamba ile ni bustani ya Mama wa Mungu peke yake, na nimeyasimulia sana. Ila mama wa kanisani aliyefunga na kusali kunizidi maisha yake yote akiniuliza mbona bustani ya Mama haina mama hata mmoja, namsimulia, namaliza, na bado ananitazama. Mwenyewe halijanikaa sawa.

Mengine haraka haraka: feri ya kwenda Dafni, bandari ya Athos, inatoka mji wa Ouranoupoli asubuhi, ukiikosa umeharibu siku. Suruali ndefu. Kamera ya video iache. Kama sio Muorthodoksi, baadhi ya nyumba zitakuweka nje ya kanisa lenyewe wakati wa ibada na utakula baada ya wengine, nyingine hawajali, usibishane na mtawa.

Na trapeza, ukumbi wao wa kulia, sio hotelini. Mmoja anasoma, wote kimya, mnakula mbio mbio. Kengele ya igumeni, mkuu wa monasteri, ikilia unasimama, hata kama samaki hujamgeuza upande wa pili.