Teknetiamu: ushahidi kwamba nyota bado zinatengeneza elementi

Kazi yangu ni kuchambua mwanga wa nyota, na swali ninaloulizwa sana ni hili: mnajuaje kwamba elementi zinatengenezwa huko, na hakuna aliyewahi kufika? Mimi hujibu kwa teknetiamu.

Hiyo ni elementi namba 43, na haina isotopu (aina ya atomu zake) hata moja iliyo imara, yaani isiyooza. Hata ile inayodumu kuliko zote hupungua kwa nusu kila baada ya miaka milioni 4 hivi. Dunia ina miaka bilioni 4.5, kwa hiyo teknetiamu iliyozaliwa nayo ilikwisha zamani sana. Wanasayansi waliipata mwaka 1937 tu, mjini Palermo, Italia, katika kipande cha molibdeni, elementi namba 42, kilichopigwa kwa chembe ndani ya mashine ya Berkeley, Marekani.

Mwaka 1952 Paul Merrill, wa kituo cha Mount Wilson, California, akaikuta kwenye mwanga wa nyota nyekundu za kundi S, yaani zile zenye elementi ya zirkoni tele, mojawapo R Andromedae. Nyota hizo ni kongwe mno. Kama zingezaliwa nayo, ingekuwa imeshatoweka. Basi zimeitengeneza zenyewe, tena juzijuzi kwa hesabu ya nyota.

Zinaitengenezaje? Ndani kabisa, heliamu inapogongana na kaboni-13, nyutroni huachiliwa. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo huingia ndani ya kiini cha chuma bila kusukumwa nje. Kiini kikizidiwa, nyutroni moja hugeuka protoni, na elementi hupanda namba moja. Hivyo hivyo, polepole, zirkoni hutengenezwa njiani, mpaka molibdeni-98 inanasa nyutroni, inakuwa molibdeni-99, na baada ya siku chache inageuka teknetiamu. (Badiliko hilohilo la molibdeni-99 ndilo linalozipa hospitali teknetiamu ya kupigia picha mifupa ya wagonjwa.) Kisha gesi inayochemka huizoa kutoka kilindini na kuileta juu, tunakoweza kuiona.

Dhahabu nyingi na urani haziji kwa njia hii. Zinahitaji mafuriko ya nyutroni, kama yale ya nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizolipuka) zilizogongana, tukio lililonaswa Agosti 17, 2017.

Zipo pia nyota za kundi S zenye zirkoni tele lakini hazina teknetiamu. Hizo zilimwagiwa zirkoni na nyota pacha, ambayo sasa imebaki kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokufa, na teknetiamu iliyokuja nayo imeshaoza. Ndiyo maana nikipokea data ya nyota mpya ya kundi hilo, kwanza natazama mstari wa nanomita 426.2, alama ya teknetiamu katika mwanga wake.