Gari Linatikisika Ukikanyaga Breki: Pima Kabla ya Kununua Diski

Kila Desemba inapokaribia, barabara za Kilimanjaro hupokea magari mengi yanayotoka Dar es Salaam na mikoa mingine kwa ajili ya sikukuu. Mengi ni magari madogo ya familia, yamejaa watu na mizigo, na safari zao haziishii Moshi mjini. Zinapanda hadi Marangu, Mwika, Kibosho, Uru, Machame na Rombo. Kupanda hakuna shida kubwa. Kushuka ndiko kunakoleta malalamiko tunayoyapokea sisi askari wa ukaguzi wa magari: "Afande, nikikanyaga breki usukani unacheza." Malalamiko hayo yameongezeka, na mara nyingi mwenye gari huongeza jambo la pili: "Fundi alisema diski zimepinda, nikabadilisha, sasa tatizo limerudi."

Hilo la pili ndilo linalotusumbua, kwa sababu mwananchi ametumia fedha, ameamini gari limepona, kisha ameteremka mlimani na watoto ndani.

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na pedi huibana pande mbili ili gari lipunguze mwendo. Diski kupinda kwa sababu ya joto peke yake hutokea mara chache kuliko inavyosemwa gereji. Tunachokikuta zaidi ni diski ambayo unene wake haulingani mzunguko mzima. Sehemu nene ikipita katikati ya pedi, pistoni ya kalipa, kifaa kinachozibana pedi, inasukumwa nyuma, mafuta ya breki yanarudi, na mguu wako unasikia pigo. Sehemu nyembamba ikifika, pedali inalegea. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kusikika, na huo ni wembamba kuliko unywele wa kichwani. Kwa hiyo fundi anayepitisha kidole juu ya diski na kutangaza kwamba imepinda hajapima chochote. Anabahatisha kwa fedha yako.

Unene huo unaharibikaje? Hapa ndipo penye jibu la diski mpya zinazotikisika tena baada ya miezi michache. Diski hukaa juu ya uso wa hab, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu. Uso huo ukiwa na kutu au tope lililoganda, diski inakaa imeinama kidogo sana, na siku ya kwanza husikii kitu. Lakini gurudumu la gari dogo huzunguka takriban mara 500 kwa kila kilomita. Ukitoka Arusha mpaka Moshi, kama kilomita 80 hivi, sehemu iliyoinama imepita kwenye pedi mara 40,000, na inaweza kuzigusa hata kama hujakanyaga breki. Inalika pole pole. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene umetofautiana na usukani umeanza kucheza. Ukinunua diski nyingine ukazifunga juu ya kutu ile ile, umeanza upya safari ile ile.

Chanzo kingine ni nati za magurudumu. Fundi wa pancha anazikaza kwa bunduki ya upepo mpaka inagoma, moja sana, nyingine kidogo, na diski inavutwa upande. Nati hukazwa kwa kuruka, ya huku kisha ya upande wa pili, na mwisho humaliziwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nm 103 au karibu na hapo, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kuna pia pini za kalipa zilizokauka grisi. Kalipa hairudi vizuri, pedi zinabaki zimegusa, diski inachemka upande mmoja.

Kuna na uendeshaji. Dereva anashuka kutoka Marangu Mtoni mpaka Himo gia ikiwa kwenye D na mguu juu ya breki njia nzima. Akifika chini anasimama na kukandamiza pedali huku diski zikiwa za moto mno. Pedi inaacha utando pale ilipobana, na utando huo nao unasikika kama diski iliyopinda. Gari la otomatiki lina L, 2, S au B, nafasi za gia zinazoiacha injini isaidie kupunguza mwendo. Zimewekwa kwa ajili ya miteremko kama hii, zitumieni. Na tafadhali, msimwagie maji diski za moto ili "zipoe haraka". Tumelisema hili mara nyingi na bado tunawaona watu na ndoo barabarani. Maji ya baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipotosha umbo au kukipasua.

Kabla ya kwenda gereji, dereva anaweza kusaidia uchunguzi kwa kuangalia mambo machache. Gari likitikisika kwenye kasi ya 80 au 100 hata bila kugusa breki, anza na matairi, rimu na balansi. Likitikisika pale tu unapokanyaga, na mapigo yakapungua kadiri gari linavyopunguza mwendo, hizo ni diski au dramu, yaani breki zenye umbo la ngoma. Usukani ukicheza, tatizo kwa kawaida lipo mbele. Kiti kikitikisika huku usukani umetulia, tazama nyuma. Vitz na IST nyingi zina dramu nyuma, na kwa magari ya aina hiyo unaweza kuhakikisha mahali tambarare pasipo na magari, kwa mwendo mdogo: vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Mtikisiko ukija, dramu zimepoteza uduara. Kwenye gari lenye diski nyuma jaribio hili linaweza kudanganya, kwa sababu baadhi yana breki ya mkono ya peke yake, dramu ndogo iliyo ndani ya diski.

ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, isichanganywe na haya. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au lami yenye maji, pedali ikapiga haraka haraka, huo ni mfumo unafanya kazi yake. Usiinue mguu. Lakini ABS ikiamka kwenye lami kavu wakati unakaribia kusimama taratibu, huenda sensa ya gurudumu au pete yake ina hitilafu, na diski mpya hazitaponya hilo.

Gereji, dai vipimo viwili. Kwanza, gurudumu likishatolewa, diski ibanwe kwa nati zake na daili geji, saa ya kupimia myumbo, iwekwe kama milimita 10 kutoka ukingoni, kisha diski izungushwe. Magari mengi hayaruhusu myumbo wa zaidi ya milimita 0.05 hivi. Ikizidi, diski ihamishwe tundu moja juu ya hab na ipimwe tena. Sehemu iliyoinuka ikihama pamoja na diski, kosa ni la diski. Ikibaki palepale kwenye hab, safisha hab kwa brashi ya waya au kagua bearingi. Pili, unene upimwe kwa mikromita sehemu 8 kuzunguka diski. Vernia, rula ya kupimia yenye taya, haifai, kwa sababu inakaa juu ya ukingo usiolika na kukupa unene wa uongo. Kama diski itachongwa, isishuke chini ya kipimo cha mwisho kilichopigwa mhuri juu yake. Bushi na boljointi (viungo vya sehemu ya chini ya gari) zilizolegea nazo zikaguliwe, maana hukuza mtikisiko mdogo ukawa mkubwa.

Sasa upande wa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha gari bovu barabarani, na breki ni kitu cha kwanza tunachokiangalia. Ukaguzi ukibaini hitilafu, dereva huandikiwa kosa na faini ya papo kwa papo. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi. Kulipa faini hakulifanyi gari kuwa zima. Gari lenye hitilafu ya hatari linaweza kuzuiwa na kufunguliwa namba mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Kwa gari la biashara, ripoti ya ukaguzi inahitajika pia kwenye leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Likipata ajali, mkaguzi hulipima kabla halijaachiwa, na taarifa yake huingia kwenye jalada la upelelezi. "Nilijua linatikisika lakini lilikuwa linashika" si utetezi. Kushika jana hakuthibitishi kwamba litashika leo likiwa na abiria saba.

Mtikisiko peke yake unakupa nafasi ya kwenda gereji kwa mwendo wa taratibu. Pedali ikizama au kuwa laini, gari likivuta upande mmoja, au ukisikia chuma kikisaga chuma, simama hapo ulipo na utafute gari la kuvuta.

Baada ya matengenezo, diski zibadilishwe pande zote mbili za ekseli pamoja na pedi mpya. Punguza mwendo taratibu kutoka 60 hadi 10, mara kumi au zaidi, bila kusimama kabisa na kwa kuacha nafasi zipoe. Kisha rudi kukaza nati kwa kipimo kile kile baada ya kilomita 100 hivi, kabla hujaanza kupanda mlima.