Laini uliyomsajilia shemeji ni laini yako

Wiki hii wamekuja watatu. Wa mwisho alikuwa kijana wa Katonga, anasafirisha mawese kwa mtumbwi. Amepigiwa simu na polisi afike kituoni, kuna namba yenye jina lake imetumika kumtapeli mtu. Jibu lake lilikuwa lile lile ninalolisikia hapa kwenye meza yangu ya kusajili laini, Mwanga, Kigoma, tangu tuanze kusajili kwa alama za vidole mwaka 2019: “Ile laini si yangu, nilimsajilia tu mtu.”

Hapana. Laini haina habari ni nani ameishika. Ukiweka kidole kwenye mashine, mfumo unakilinganisha na alama ulizoacha NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho vya taifa; zikilingana, ile namba ya simu inafungwa kwenye namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20. Basi, imekwisha. Awe anaitumia shemeji, mpangaji wako au mtu mliyekutana stendi, kwa kampuni ya simu na kwa polisi mwenye laini ni wewe. Na haiishii kwenye kupiga na kupokea. Juu ya namba hiyo itafunguliwa akaunti ya pesa, WhatsApp, Facebook na programu ya mkopo. Umempa mtu jina lako akatembee nalo. Sisemi utafungwa, kuhukumu ni kazi ya mahakama. Nasema wa kwanza kutafutwa ni wewe, na kama uliyemsaidia alishahamia Mpanda na simu yake haipatikani, maelezo utayatoa peke yako.

Najua kwa nini watu wanakubali. Huku mpakani wapo waliosubiri namba ya NIDA muda mrefu, na jirani asiye na laini hawezi hata kutumiwa hela ya dawa. Kumwambia “siwezi” kunaonekana ni roho mbaya. Lakini kuna njia ya kumsaidia bila kujifunga. Hela yake iingie kwenye laini yako, umtolee, umkabidhi mkononi. Akitaka kupiga, mpe simu apige ukiwa umekaa naye. Msaada huo unaisha siku hiyo hiyo. Laini inabaki na jina lako miaka na miaka.

Kuna wengine husema, “Mimi sijamsajilia mtu yeyote,” na wanaamini hivyo kwa moyo wote. Mwezi uliopita alikaa mbele yangu mama anayeanika dagaa Kibirizi, amepoteza simu, anataka kurudisha laini. Vidole vyake vimesuguliwa na miaka ya kazi ile, mashine ikakataa mara nne. Nikampa kitambaa chenye maji afute, tukajaribu cha shahada, tukajaribu cha kati, mwishowe gumba la kushoto likasoma. Laini ilipowaka nikampigia *106# ili aone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Zikatoka nne. Anayoijua ni moja. Alitulia kidogo, kisha akakumbuka kijana mwenye mwavuli aliyemsajilia barabarani: “Rudia mama, haijasoma.” Akarudia. “Bado mama, rudia tena.”

Ilikuwa imesoma. Kidole kilichosoma kinatosha kukamilisha usajili, na msajili asiye mwaminifu anayekurudisha mara ya pili na ya tatu anaweza kuwa anatengeneza laini za kuuza kwa matapeli. Nafanya kazi hii hii, na hakuna kinachoniumiza kama hicho. Kwa hiyo ukiambiwa rudia, omba uoneshwe kioo. Kikiwa kimeandika kwamba imeshindikana, weka kidole. Msajili akikificha kioo, chukua namba yako ya NIDA uondoke.

Na piga *106#. Nitalirudia hili hadi nichoke. Ni bure na halihitaji intaneti. Mimi humwambia kila mteja aipige kila tarehe moja ya mwezi, na kama ana laini za mitandao miwili, aipige kwa zote mbili. Ukikuta namba usiyoitambua, usiipigie kumuuliza mwenye nayo ni nani. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao husika, useme huitambui, wakuondolee. Ukipata ujumbe wa aina ya “ile hela tuma kwenye namba hii”, usiufute tu kimya kimya; upeleke 15040 na namba iliyoutuma, ili izibwe kabla haijampata mwingine.

Mengine nayapitia haraka.

“Sikuandika mimi, nilifowadi tu.” Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimwangalii mtunzi peke yake, inamwangalia anayechapisha. Ukisambaza jambo unalojua ni la uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha watu, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kama huna uhakika na habari, iache ife kwenye simu yako.

“Kubonyeza Nakubali si mkataba, sijasaini popote.” Tanzania imetambua mikataba ya kielektroniki kwa sheria tangu 2015. Kibonyezo hicho ni sahihi yako. Hapa ndipo programu za mikopo zinapowakamata watu: zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, mtu anabonyeza bila kusoma, siku ya deni mama mkwe anatumiwa meseji za matusi. Ruhusa ya kusumbuliwa mama mkwe hukuwa nayo wewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwa ajili ya kumlinda mtu kama yeye. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, hakikisha anayekukopesha ana leseni. Programu ya mkopo ikitaka majina na picha zako, iondoe.

“Hela ikiingia kimakosa ni riziki yangu.” Si yako. Wala usimrudishie anayekupigia akilia, kwa sababu matapeli nao hulia. Mwambie apige 100, mtandao wenyewe uirudishe.

“Namba ya siri anaijua mwanangu tu.” Basi miamala yote atakayofanya mwanao ni yako. Na tafadhali, msinitajie namba ya siri kwa sauti hapa dirishani, foleni nzima inasikia.

La mwisho linahusu laini mlizoziacha. Watu hudhani laini wasiyoitumia imekufa na mambo yake. Namba isiyotumika muda mrefu hupewa mteja mwingine, naye huanza kupokea namba za kuthibitisha akaunti zako. Kabla ya kuitupa, nenda benki ubadilishe namba, fungua mipangilio ya WhatsApp uihamishe akaunti kwenye namba mpya, toa salio lote lililobaki, kisha nenda dukani kwa mtandao ukaifute kwenye jina lako. Kwangu kazi hiyo, foleni ikiwa fupi, haizidi nusu saa.