Bangi ya dawa: yanayosemwa mitaani Mombasa na ukweli wenyewe

Kuanzia Kisauni mpaka Likoni, kaa maskani yoyote jioni utasikia mtu asema bangi ni dawa ya kila kitu, mwengine amjibu hiyo ni wazimu mtupu, na mabishano yatafika saa nne usiku. Mgonjwa mwenyewe, yule anaeumwa au mama aliye na mtoto wa kifafa nyumbani, hakuna anaemwambia la kumfaa. Hilo ndo linaniuma mimi.

"Siku hizi imeruhusiwa, wajaza fomu onlaini wapata kadi."

Hapana jamani. Kadi ziko kweli lakini ziko Marekani, tena kila jimbo na sheria zake. California ndo iliyoanza mwaka 1996 kwa kura ya wananchi, wengine wakafuata. Na hata kule daktari hakuandikii bangi kama anavyokuandikia antibayotiki, manake sheria ya serikali yao kuu haimruhusu, anachofanya ni kukupima, kuangalia faili yako, halafu athibitishe kwa maandishi kwamba una ugonjwa uliokubaliwa na jimbo: kansa, kifafa, ukimwi, maumivu sugu, au maltipo sklerosisi ule ugonjwa wa neva unaokakamaza misuli. Majimbo mengi baada ya hapo wajiandikisha, wapewa kadi, ikiisha muda warudi kwa daktari tena. Uingereza ni kugumu zaidi, waliruhusu tarehe 1 Novemba 2018, lakini anaeanzisha hiyo dawa lazima awe daktari bingwa, na kwa kawaida ni pale dawa nyengine zimeshajaribiwa zikashindwa.

Kenya je? Hatuna kadi na hatuna orodha ya magonjwa. Sheria ya mihadarati ya 1994 bado iko, ukishikwa na msokoto ni kesi, hata mfukoni uwe na barua ya daktari wa Marekani. Mtu akikwambia "nitumie pesa nikutengenezee kadi ya bangi", mtu wangu huyo ni tapeli, mbloku.

"Lakini Umoja wa Mataifa si walihalalisha?"

Hawakuhalalisha. Desemba 2020 walipiga kura, 27 kwa 25, wakaitoa bangi kwenye jedwali la nne la mkataba wa 1961, mkataba wa dunia wa mihadarati, na jedwali hilo ni lile la dawa hatari zaidi zisizo na faida kubwa ya tiba. Ikabaki jedwali la kwanza, yani bado yadhibitiwa, na kila nchi yaamua yake. Hapa kwetu marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alileta pendekezo la mswada wa kuhalalisha bangi mwaka 2018, akafariki Julai 2019 kwa kansa ya utumbo na mswada haukupita. Marasta nao wakaenda Mahakama Kuu 2021 kuomba waruhusiwe kuitumia kwa ibada yao. Kudai sheria ibadilishwe ni haki ya mtu, lakini kudai si kupata.

"Inaponya kansa."

Hapa nataka tusikizane vizuri manake watu wanakufa na hii. Hakuna ushahidi kwamba bangi yaponya kansa ya binadamu. Kilichothibitishwa ni kwamba dronabinol, kidonge cha THC (ile kemikali ya bangi inayolewesha) iliyotengenezwa maabara, chasaidia kichefuchefu na kutapika kwa kemo pale dawa za kawaida zimeshindwa, Marekani walikikubali tangu 1985. Hiyo ni kumtuliza mgonjwa aweze kuendelea na matibabu, sasa ukiacha kemo ukae na chai ya majani uvimbe waendelea kukua tu.

"Mtoto wa kifafa mpe mafuta ya bangi."

Hii ina ukweli ndani yake ndo maana ni hatari zaidi. Kuna dawa yaitwa Epidiolex, ilikubaliwa Marekani Juni 2018, ni CBD, kemikali nyengine ya bangi, iliyosafishwa na haileweshi, na mwanzoni ilikuwa ya aina mbili tu za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Kipimo chaanzia miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mtoto, asubuhi na jioni, na damu yapimwa kuangalia ini kabla ya kuanza, manake ikikutana na valproate, dawa ya kifafa ambayo watoto wengi wa kifafa wanameza, ini laweza kuumia. Sasa mama mmoja jirani alinionyesha kichupa alichouziwa, mafuta meusi, kifuniko cha dropa, kibandiko kimeandikwa kwa peni "matone 5". Matone matano ya nini? THC ni ngapi mle ndani? Hakuna anaejua, hata muuzaji. Na kibaya kabisa ni kumkatiza mtoto dawa zake ghafla ili ajaribu mafuta, degedege laweza kuja lisikatike.

"Ni majani tu, ya Mungu, hayana madhara."

Kwa kijana ambaye ukoo wao una ugonjwa wa akili, THC yaweza kumfungulia huo mlango. Mjamzito asiguse. Anaetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, damu yake yaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Wa presha ya macho nao, bangi yashusha presha hiyo kwa muda wa saa tatu nne hivi halafu yapanda tena, madaktari wa macho hawaishauri.

Na kama tayari watumia, mwambie daktari wako. Wengi wanaficha kwa aibu ama kuogopa polisi, halafu siku ya operesheni, mvutaji wa kila siku aweza kuhitaji nusu kaputi nyingi zaidi na anaempa hana habari. Kuhusu halali na haramu nenda kwa sheikh wako ama mchungaji, lakini kumuuliza daktari swali si dhambi wala si kosa la jinai.

Kwa mgonjwa wa kansa anaelia na maumivu leo, Mombasa hii hii kuna dawa yenye nguvu na ni halali: mofini ya maji, ya kunywa, yapimwa kwa bomba la sindano, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Yatoka kwenye afyuni, na sheria yairuhusu kupitia daktari. Muulize daktari wake kuhusu Coast Hospice au huduma ya tiba shufaa, yani ya kumtuliza mgonjwa maumivu, umtajie maumivu yanaanza saa ngapi, yako wapi, na dawa gani ameshameza zikashindwa.