Nani alivipanga vyumba hivi?

Kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu picha za vyumba vitupu alizopiga mpiga picha Lynne Cohen, swali huwa lilelile: nani alivipanga vyumba hivi? Chumba cha wauguzi wanaojifunzia kwa midoli, ukumbi wa polisi wa kulenga shabaha, bwawa la tiba lisilo na muogaji. Alivikuta hivyo. Cohen alizaliwa Marekani mwaka 1944, akahamia Kanada 1973. Kwa kuwa alisomea uchongaji, naamini aliingia maabara na madarasani akitafuta sanamu ambazo watu wameziunda pasipo kujua.

Siri kubwa imo kwenye kamera yake, ile kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10 inayokaa juu ya miguu mitatu. Kwa filamu ya ukubwa huo, ni vitu vya umbali mmoja tu, na vilivyo karibu yake, vinavyoonekana wazi, hivyo sharti ubane tundu la lenzi. Kutoka f/8, tundu pana, hadi f/45, tundu jembamba, ni hatua tano, na kila hatua hukata mwanga nusu: muda wa kuingiza mwanga wa sekunde 1 unakuwa 32. Filamu nayo hupoteza wepesi mwanga ukiingia polepole, basi unaongeza muda tena. Mtu akikatiza upesi wakati huo, haachi hata kivuli. Kinachobaki ni waya wa soketi, doa la maji darini, kiti kilichosogezwa, vyote vikionekana wazi sawasawa. Picha haikwambii uanzie wapi kutazama.

Mimi natumia kamera ya dijitali, lakini adabu ni ileile. Niliwahi kupiga picha katika chumba cha shule ya udereva Nairobi: meza iliyochorwa mji mdogo, raundabauti, magari ya kuchezea yaliyobanduka rangi, mabenchi pande zote. Mwenye shule akaanza kupangusa vumbi na kunyoosha magari. "Mzee, tafadhali acha yalivyo," nikamsihi. Niliishusha kamera hadi kimo cha anayeketi benchini, nikaipima isiiname hata kidogo. Ukiiinamisha, kuta nazo zinaegemeana, na mtazamaji anamhisi mpiga picha badala ya chumba. Taa za mirija nikaziacha na ukijani wake.

Gari moja jekundu lilikuwa limekaa kinyume ndani ya raundabauti. Sikuligusa. Picha ilipotundikwa, waliowahi kusomea udereva kwenye meza kama ile walianzia hapo.